Seng'enge Hataki Kurekebishwa

Redio ya kabila ilianza na upepo, ikaja na bei ya ng'ombe, na habari ya tatu ndiyo iliyotuharibia kahawa.

"Chuo chetu kimepata ruzuku ya serikali kuu," alisema mtangazaji, "ili kiwafundishe vijana wetu kuwa washauri wa watu wenye ulemavu wanaotaka kurudi kazini. Fedha hizi hutolewa kwa vyuo vinavyohudumia jamii za wachache, ili navyo vishiriki katika kazi hiyo ya urekebishaji."

Jaji aliweka kikombe chini. Tulijua kimeshaanza.

"Wachache," akasema. "Wametuita tena wachache. Kabla hawajaja tulikuwa wote."

Kijiwe chetu kiko ndani ya kituo cha mafuta cha njia panda, kona ya dirishani. Kuna meza moja ya plastiki, viti vya kuokoteza, na birika la kahawa ambalo Mama Verna, mwenye duka, hulijaza asubuhi na kulitetea siku nzima. Nje ni Montana, Marekani, kwenye ardhi waliyotubakizia sisi wenyeji wa asili, yaani upepo na barabara. Jaji anaitwa Orville. Alikaimu ujaji wa mahakama ya kabila kiangazi kimoja, jaji mwenyewe alipokuwa likizo, na tangu hapo hajakubali kesi yoyote iishe. Mimi wananiita Breki, kwa sababu niliendesha basi la shule, na wote waliopanda wana makovu ya paji la uso.

"Chuo kimepata mzuka?" akauliza Nusu-Tangi.

"Ruzuku, wewe. Hela za serikali."

Nusu-Tangi ni Leland. Hakuna aliyewahi kuliona gari lake likiwa na mafuta ya kutosha kwenda na kurudi. Huenda tu, kurudi ni kazi ya yule atakayempigia simu.

"Hela za kufanyia nini?"

"Kuwarudisha kazini walemavu."

"Walevi?" Nusu-Tangi akatikisa kichwa kwa kuridhika. "Hapo wamefikiri. Wateja hawatakosekana."

Tukacheka mpaka Mama Verna akatoka nyuma ya kaunta. Majibu ya Nusu-Tangi ndiyo yaliyokipa kijiwe sifa. Unamuuliza hili anakujibu lile, na lile mara nyingi ndilo tamu zaidi.

"Chekeni," Mama Verna akasema. "Mjukuu wangu Corrine yumo kwenye darasa la kwanza. Atakuwa mshauri wa kweli, hapahapa nyumbani. Hakuna tena kungoja mtu wa kutoka mji mkuu wa jimbo aje akituangalia kama tumetoroka mahali."

"Mimi simpingi Corrine," Jaji akasema. "Naisema serikali. Inakuvunja mguu, halafu inakuletea fimbo, halafu inataka upige picha nayo."

"Fimbo si unaichukua?" nikamwambia.

"Naichukua, Breki. Nasema tu."

Neno mguu lilikuwa limeshatoka. Kila mmoja akawa anaangalia kitu kingine: birika, dirisha, paka wa dukani. Ndivyo tulivyokuwa tukimwangalia Seng'enge majira yote ya baridi, kwa kuangalia kila kitu kingine.

Yeye alikuwa kwenye kiti chake cha pembeni, kiti cha magurudumu, kofia imeshuka mpaka kwenye nyusi. Jina lake Delmar. Kwa miaka na miaka, ukiuona uzio wa seng'enge ulionyooka katika ardhi yetu, ni wake. Ukiuona umepinda, ni wa mtu aliyeshindwa kumpata. Halafu sukari ikamchukua mguu wa kulia, chini kidogo ya goti. Walimpa wa bandia. Aliuvaa siku chache akautupa nyuma ya kiti cha pikapu yake, pamoja na kamba na magazeti.

"Mnaangalia nini?" akasema. "Mimi si mgonjwa. Nimepungua tu."

"Delmar, mtoto atakuja kuzungumza nawe," Mama Verna akasema kwa upole.

"Alishakuja yule mwingine."

Hiyo tuliijua wote, lakini Seng'enge akiisimulia huwa hatumkatizi. Mama mmoja mwenye huruma aliendesha gari kutwa nzima kutoka mji mkuu. Akampa vipande vya mbao apange, akampima vidole, akafurahi sana. Akasema mikono ya Bwana Delmar ni ya ajabu, na kwa kuwa ataishi kwa kukaa, ajifunze kutengeneza saa.

"Saa," Seng'enge akasema. "Hapa kwetu. Mtu wa mwisho kufika mahali kwa wakati hapa alikuwa yeye mwenyewe, na hakumkuta mtu."

Tulicheka, lakini si kwa kelele. Tulijua pia kwamba alikuwa ameanza kugawa vifaa vyake. Koleo la kukatia waya alimpa padri. Kifaa cha kuvutia waya, ambacho zamani hukuweza hata kukigusa, alimpa mfugaji wa ng'ambo ya mto. Binti yake anaishi Arizona, ghorofani, na Seng'enge alishasema theluji ikiisha anahamia huko akatazame magari. Dada yake, ambaye ndiye mke wa Nusu-Tangi, alikuwa akilia kila akisikia kimetolewa kifaa kingine.

Corrine alikuja kabla kahawa haijaisha. Msichana mrefu, buti zina tope, nywele kazifunga nyuma kama mtu anayekwenda kupigana.

"Mjomba Delmar, nimekuja kukuona."

"Umeshaniona."

"Nimeanza mafunzo. Nahitaji mtu wangu wa kwanza."

"Mchukue Jaji. Ana kasoro nyingi, utafuzu mapema."

"Swali moja tu, mjomba. Ungependa kufanya nini?"

"Kunywa kahawa."

"Na baada ya kahawa?"

"Kwenda chooni."

Corrine akacheka, kicheko cha kweli, cha bibi yake. Seng'enge akainua kofia kidogo kumtazama. Yule mama wa saa hakuwahi kucheka hata mara moja.

"Nitarudi," Corrine akasema.

"Rudi na keki."

Alipotoka, Nusu-Tangi akasogeza kiti karibu na kaunta. "Mama Verna. Hao wa Corrine, wanatoa nini hasa?"

"Wanakulipia mafunzo. Wanakununulia vifaa vya kazi. Buti, kofia. Kama kazi inahitaji gari litengenezwe, wanalitengeneza."

Hiyo aliisikia vizuri sana. Akanyamaza. Nusu-Tangi akinyamaza, jambo linaiva.

Wiki iliyofuata aliingia dukani amejipinda kama ndoano.

"Umepatwa na nini?" nikamuuliza.

"Mgongo."

"Jana ulikuwa umebeba tairi."

"Ndipo ulipoanza. Nakwenda chuoni kwa Corrine. Nitawaambia nataka kazi ya uzio. Vifaa vyake ni ghali, na ardhi bado ina barafu, hakuna anayejenga uzio sasa hivi. Watanipa vifaa, watanitengenezea gari, na kazi itakuwa haipo. Mnaona?"

Jaji akamtazama kwa heshima. "Umeifikiria."

"Nimeifikiria usiku kucha," Nusu-Tangi akasema, akasahau kujipinda hadi alipofika mlangoni.

Hatukumwona siku kadhaa. Aliporudi alikuwa amenyooka, na uso wake ulikuwa wa mtu aliyetoka kuzika. Akakaa. Hakuomba kahawa.

"Nilikwenda kutafuta msaada," akasema.

"Ikawaje?"

"Wamenipa kazi."

Mama Verna akamimina kikombe akamsogezea bila kudai kitu, jambo ambalo sijawahi kuliona tena.

"Unaweza kukata rufaa," Jaji akasema.

"Chuo kinataka uzio wa malisho ya farasi, kule kando ya mto. Walikuwa wanatafuta mtu. Corrine akanisikiliza mpaka mwisho, akanihurumia sana, akasema, mjomba, una bahati. Barafu ikiyeyuka tu, naanza."

"Na mgongo?"

"Kwanza alinipeleka zahanati. Daktari kasema nina mgongo wa mtoto wa shule. Halafu, kwa kuwa walikuwa wananipima kila kitu, wakanifungia ndani ya kichumba, wakanivika vitu masikioni, wakasema nibonyeze kitufe kila nikisikia mlio. Nikakaa humo. Nikatoka nikawaambia mashine yenu imeharibika." Akazungusha kikombe. "Haijaharibika."

"Unasema nini?"

"Nasikia nusu. Sikio la kushoto hata nusu halifiki. Wanasema ni zile mashine za kiwanda cha mbao nilikofanya kazi nikiwa kijana. Wananiagizia vifaa vya kusikia."

Jaji alifungua mdomo, na alichotaka kusema tulikijua wote, ile nusu ilikuwa imekaa tayari kwenye jina lake. Akaufunga. Maana kila mmoja wetu alikuwa ameanza kurudi nyuma kichwani, jibu baada ya jibu, utani baada ya utani, miaka yote ile.

"Kwa hiyo ile ya walevi..." nikasema.

"Ile ipi?" akauliza Nusu-Tangi.

Mama Verna akaenda nyuma ya duka. Alisema anatafuta sukari.

Sasa, ni lazima uelewe habari ya mashemeji. Kwetu shemeji ndiye mtu unayeruhusiwa kumtania mpaka machozi yamtoke, mbele za watu, msibani hata, na yeye haruhusiwi kukasirika. Anaruhusiwa tu kungoja zamu yake. Seng'enge na Nusu-Tangi walikuwa wamengojeana zamu tangu harusi. Lakini tangu mguu utoke, Nusu-Tangi alikuwa ameacha kumtania. Alimwogopa. Alimpeleka zahanati kwa gari na kumrudisha, anapiga soga za upepo na theluji, basi.

Corrine alikuja mwishoni mwa baridi. Keki alileta.

"Mjomba, sikuja kukurekebisha," akamwambia Seng'enge.

"Vizuri. Kata keki."

"Kuna mtu tumempatia kazi ya uzio. Hajui hata koleo linashikwa upande gani. Chuo kinahitaji wa kumfundisha. Utalipwa kama mwalimu. Ukae kwenye gari, uamrishe."

"Ni nani huyo?"

"Shemeji yako."

Seng'enge akalamba krimu kwenye kidole, polepole. Akaitazama dari. Kitu fulani kilikuwa kinatembea usoni mwake ambacho hatukuwa tumekiona tangu vuli.

"Anaruhusiwa kunijibu?"

"Wewe ndiye mwalimu."

"Anaruhusiwa kukaa?"

"Ukimruhusu."

"Tunaanza lini?" akasema Seng'enge.

Kijiwe kilihama. Mama Verna alilalamika kwamba tunamwulia biashara, kisha akafunga duka akaja naye, na birika. Tulipanga viti vya kukunja kando ya malisho yale, blanketi magotini, tukatazama elimu.

Seng'enge alikaa ndani ya pikapu yake mlango wazi, mguu mmoja umening'inia nje. Nusu-Tangi alikuwa uwanjani na mashine ya kuchimbia mashimo, mpya kabisa, iliyomshinda nguvu.

"Nguzo yako imelala," Seng'enge akamwita.

"Nguo gani?"

"Nguzo. Imelala."

"Nimevaa zilizokuwepo, shemeji."

"Nipe nyundo basi nikuonyeshe."

Nusu-Tangi akatazama huku na huku kwenye uwanja mtupu. "Nyumbu nitamtoa wapi?"

Jaji alikuwa amejifunika blanketi mpaka machoni, mabega yanatikisika. Lakini mimi nilikuwa namtazama Seng'enge, naye alikuwa anacheka. Si sana. Alipiga usukani kwa kiganja, akafuta jicho, akasema, "Dada yangu aliona nini kwa huyu mtu?" Ilikuwa mara ya kwanza kumtania tangu akatwe mguu.

Vifaa vya kusikia vilifika nyasi zilipoanza kuota. Nusu-Tangi alivivaa zahanati, akatoka nje akasimama.

"Hili gari langu linalia hivi siku zote?"

"Tangu ulinunue," nikamwambia.

"Na hicho nini?"

"Ndege."

Akatembea siku nzima hivyo, kama mgeni. Jioni akatuambia, "Mke wangu ana sauti nzuri. Tatizo ni anayoyasema."

Tulidhani sasa utani utakwisha. Ulizidi. Seng'enge alikuwa amezoea kunung'unika matusi chini ya pumzi kila nguzo ikipinda, na sasa kila tusi lilirudi na jibu lake. Ilibidi ajifunze mapya.

Lakini kuna jambo ambalo kijiwe kizima hakikulijua, na mimi nililijua kwa sababu ya mafuta. Gari la Nusu-Tangi lilimwishia kwenye kilima cha kanisani, akanipigia simu, nikaenda na galoni. Nilipomaliza kumimina hakuondoka. Aliegemea boneti.

"Breki, nikuambie kitu. Usimwambie Jaji."

"Sema."

"Juzi nampeleka shemeji nyumbani. Ameegemea dirisha, anaongea. Si kwamba anaongea na mimi. Anaongea kama unavyoongea na mbwa ukiwa peke yako naye. Anasema, nikiuvaa unanikata kama kisu. Nikiuvua mimi si mtu. Bora niende Arizona nikafie huko, dada asione."

Upepo ulikuwa unapiga. Aligusa kile kifaa sikioni, kama anakihakikisha.

"Nadhani alisahau kwamba sasa nasikia. Ndipo nikaelewa. Alikuwa akiniambia maneno hayo majira yote ya baridi, Breki. Kila tulipopanda gari. Alichagua kuniambia mimi kwa sababu sikuwa nasikia. Na mimi nikimjibu habari za theluji."

"Na juzi ulimjibu nini?"

"Theluji," akasema. "Nilisema naona itanyesha tena. Ningesema nini kingine? Angejua."

Huyu ni mtu ambaye hajawahi kukaa na siri ikalala kwake. Siku hiyo hiyo alikwenda kwa Corrine akamwambia neno moja tu, kwamba ule mguu unaumiza, mtu mwenyewe hatasema kamwe, na asijulikane aliyesema.

Corrine hakumwendea Seng'enge na huruma. Alikuja kwenye malisho mchana tunakula mkate wa kukaanga, akaketi juu ya roli la waya.

"Mjomba, mwalimu wetu analeta fundi wa viungo vya bandia darasani kesho. Hatuna mguu wa kumwonyesha. Naomba niazime wako."

"Uko nyuma ya kiti. Urudishe umejaa mafuta."

"Tatizo anataka kuuona ukiwa umevaliwa."

"Basi avae yeye."

"Ana miwili tayari, mjomba. Hana pa kuuweka."

Seng'enge akatafuna kwa muda. Kukataa hakungekuwa na ladha, kwa sababu msichana alikuwa ameshinda kwa utani. "Kutakuwa na chakula?" akauliza.

Nilimpeleka mimi. Wanafunzi walikuwa wachache, wote watoto wa hapa, nusu yao niliwapandisha basi. Fundi alikuwa mzee mnene mwenye mikono laini. Akapiga magoti, akakishika kipande kilichobaki cha mguu uliokatwa, akakitia ndani ya ule wa bandia, akakitoa, akakitia tena. Akauliza ulipimwa lini. Seng'enge akasema palepale hospitali, baada ya kukatwa.

"Ulikuwa umevimba," fundi akasema. "Sasa uvimbe umekwisha na mguu umesinyaa. Humu ndani unacheza na kujikwangua kila hatua. Ningeuvaa mimi ningelia. Uliwezaje hata hizo siku chache?"

Seng'enge alikuwa anautazama ule mguu wa plastiki mikononi mwa yule mzee. Corrine alikuwa amechuchumaa kando yake.

"Kwa hiyo si mimi," Seng'enge akasema. Sauti ilikuwa ndogo.

"Si wewe, mjomba. Ni mguu."

"Nilidhani nimeshindwa."

"Najua."

Mimi nilitoka nje kuangalia kama nimefunga gari, na nilikuwa nimelifunga. Niliporudi Seng'enge alikuwa ameshakubali kuandikishwa, akawa anambishia fundi kuhusu rangi. Alitaka mguu mpya uwe na rangi ya trekta.

Haikuwa kazi ya wiki moja. Kulikuwa na kupima, kurudi, kuanguka jikoni, kutukana. Corrine alikwenda naye kila mara, na jioni Nusu-Tangi alimshika mkono huku akijifanya anaegemewa kwa bahati mbaya. Halafu asubuhi moja pikapu ikasimama malishoni, mlango ukafunguka, na tukaona buti mbili zinashuka.

Hakuna aliyepiga makofi. Jaji alianza, Mama Verna akamkamata mkono.

Seng'enge alitembea kwa fimbo, taratibu, kwenye nyasi zenye umande, mpaka kwenye nguzo ya kona. Akainama, akafumba jicho moja, akaitazama safu yote ya nguzo ambazo shemeji yake alikuwa amezisimamisha majuma yote yale. Alikaa hivyo muda mrefu. Nusu-Tangi alisimama pale na nyundo, amekauka kama anasubiri hukumu.

Seng'enge akaenda kwenye nguzo mojawapo katikati, akaipiga teke kwa mguu mpya.

"Hii ing'oe," akasema. "Nyingine zitakaa."

Nusu-Tangi hakutania. Akatazama chini, akaanza kuing'oa, na masikio yake yalikuwa mekundu kabisa kuzunguka vile vifaa vyake.

Koleo padri alilirudisha mwenyewe, akisema lilikuwa linamshinda hata kukatia maua. Mfugaji wa ng'ambo ya mto alikuja na kifaa cha kuvutia waya na ombi lake juu, kwamba uzio wake wa kaskazini umeanguka, na kama Delmar na yule jamaa yake wana nafasi. Binti wa Arizona aliambiwa aje yeye. Alikuja na watoto, akalalamika baridi mwezi wa sita.

Kuelekea vuli serikali ikatuma mgeni aone ruzuku inavyokwenda. Alikuwa kijana mwenye adabu, viatu vyembamba, kalamu ya kurekodia maneno. Kijiwe kizima kilifika malishoni, kwa sababu Mama Verna alikuwa amepika supu ya nyama na mahindi, na chakula cha wageni wa serikali huwa hakina walinzi. Corrine alikuwa amevaa shati lililopigwa pasi. Tulimwona anavyobana vidole. Mwalimu wake alikuwa ametuomba tuwe watu wazima.

Mgeni akaanza na Nusu-Tangi.

"Bwana Leland, uliingiaje kwenye mpango huu?"

"Kwa kudanganya," Nusu-Tangi akasema.

Corrine akakohoa. Mgeni akadhani hakusikia vizuri, akatabasamu, akamgeukia Seng'enge ambaye alikuwa anakaza waya wa mwisho wa juu.

"Na wewe Bwana Delmar? Ungesema huduma hii imebadilisha nini hasa maishani mwako?"

Seng'enge akaacha kuvuta. Alilipa swali hilo heshima yake. Akamtazama Corrine, akatazama mto, akamtazama shemeji yake kwa muda mrefu kidogo kuliko ilivyohitajika. Nilidhani atasema lile la garini, na nani aliyelifikisha kwa Corrine. Nusu-Tangi naye alidhani, maana aliinamia misumari.

"Zamani," Seng'enge akasema, "nilikuwa namtukana shemeji yangu bure. Sasa anasikia."

Mgeni akatikisa kichwa kwa uzito, akaisemesha kalamu yake: "Mawasiliano ya kifamilia yameimarika."

Corrine ikabidi aende kuwatazama farasi.

Supu ilikuwa inanukia. Jaji alikuwa ameshachagua bakuli. Seng'enge akatuona tumepanga mstari, sote, wazima, miguu miwili miwili, vijiko mkononi.

"Hakuna anayekula kabla waya huu haujafika kona ile," akasema. "Breki, shika roli. Mama Verna, wewe kaa. Jaji, njoo uvute hapa."

"Mimi goti, Delmar," Jaji akasema, akajishika. "Ningependa sana. Lakini goti hili, sijui hata niseme nini."

Corrine alikuwa anarudi kutoka kwa farasi. Akasimama. Uso wake ukajaa huruma yote ya duniani, na mgeni wa serikali naye akasogea na kalamu yake.

"Goti, mjomba?" Corrine akasema kwa upole. "Hukuwahi kuniambia. Limeanza lini? Na kuna kazi gani ambayo siku zote ungependa..."

Jaji alikuwa ameshaushika waya kwa mikono yote miwili, anavuta.